Oili ya Gari Si ya Pikipiki

Je, wajua kwamba oili ya gari yaweza kuharibu pikipiki yako? Klachi ya gari hukaa pakavu, mbali na oili ya injini. Lakini katika pikipiki nyingi, oili hiyo moja huhudumia injini, gia na klachi.

Oili nyingi za magari hutiwa dawa ya kupunguza msuguano. Klachi ikipata dawa hiyo huteleza: injini yanguruma, pikipiki haipandi mlima, na nyuma yako lori laja.

Basi kabla ya kulipa, tafuta kwenye mkebe maandishi JASO MA au MA2. Kuhusu uzito, kama vile 20W-50, fuata kitabu cha pikipiki yako. Kumbuka, rahisi huvunja upishi.