Kupotea na Kupotelewa: Neno la Rafiki na Neno la Mgeni

Makusudi ya makala haya ni kueleza matumizi ya kitenzi *kupotea* pale mwanamke asipoonekana kwao, na kuonyesha kwamba umbo la neno linalochaguliwa laweza kuita msaada au kuuzuia. Tunautazama hasa mwambao wa Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Hapo Kiswahili hukutana na Kimatengo, Kimpoto, Kimanda na Kinyanja; ng'ambo ya magharibi ipo Malawi, na kusini Msumbiji. Mtu aweza kutoka katika lugha ya kwao kwa safari ya chombo kimoja tu.

Tukisema *Fulani amepotea*, yeye ndiye mtenda wa kitenzi, kana kwamba jambo hilo amejitendea mwenyewe. Aliyemchukua, kama yupo, hana nafasi katika sentensi. Tukisema *ametoroka*, tumekwisha kumhukumu, na watu huacha kutafuta. Lakini *tumepotelewa na dada yetu* ni sentensi ya namna nyingine: wenye hasara wajitaja, na msikilizaji ajua wa kumpelekea habari. Nayo *amepotezwa* huacha wazi swali la nani aliyempoteza.

Rafiki hulitumia neno hilihili kabla ya msiba. *Umepotea!* ni salamu kwa mtu asiyeonekana siku nyingi, na Kinyanja chasema vivyo hivyo, *mwasowa*. Salamu hiyo si mzaha mtupu: yaonyesha kwamba yuko anayehesabu siku. Mara nyingi shoga wa kisimani au sokoni huona pengo mapema kuliko jamaa walio mbali, kwa kuwa ajua mwendo wa kila siku wa mwenziwe.

Mgeni hana elimu hiyo. Rafiki husema *namjua*. Mgeni husema *nilimwona*. Jina halimfai kitu, maana hakulisikia. Kinachomfaa ni rangi ya kanga, kovu, kimo, lafudhi, na mzigo uliobebwa. Kwa hiyo tangazo lililojaa majina ya ukoo lawatosha walio nyumbani, lakini ni bubu kwa baharia na mchuuzi wa dagaa, ambao huenda ndio waliomwona mwisho.

Historia ya nchi hizi yatupa mfano mzito. Kisa cha Swema, binti Myao kutoka mashariki ya Ziwa Nyasa, kilichapishwa Ufaransa mwaka 1870, na mwanahistoria Edward Alpers alikichambua mwaka 1983. Swema alitwaliwa kwa ajili ya deni. Mama yake aliomba kufuatana na msafara ili wasitengane; alipodhoofika aliachwa njiani. Huko Unguja binti alidhaniwa amekufa, akafukiwa. Kijana mpita njia, asiyemjua hata kwa jina, alisikia mlio, akamfukua na kumpeleka kwa masista wa misheni. Maneno ya kisa hicho yamepita mikononi mwa wamisionari, wala hatuwezi kuyachukua yote kuwa ya Swema mwenyewe. Hata hivyo mpango wake wabainisha hoja yetu: aliyempenda alimfuata hadi nguvu zikamwishia, na pale alipokoma, mgeni alianza.

Methali yasema *akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki*. Haisemi kwamba rafiki ni lazima awe amejulikana kabla ya dhiki. Kwa maana hiyo Kiswahili kimemwachia mgeni mlango wazi.

Basi twapendekeza kwamba matangazo ya mwambao yaanze na *tumepotelewa*, yafuatishe alama zinazoonekana kwa macho, yaseme wapi na lini alionekana mara ya mwisho, kisha ndipo yataje jina. Na yatolewe kwa Kiswahili na kwa Kinyanja pia. Mpangilio wa maneno si pambo. Kwa aliye mbali na kwao, huenda ndio tofauti baina ya kuonwa tu na kutambuliwa.