Kilimia Kwenye Tofali

Uani kwa mama yangu, Tanga, kuna njia ya hatua kumi na mbili kutoka barazani hadi kwenye tangi la maji. Mchana haina la kusimuliwa. Usiku wa mvua, mwembe ukiziba mwezi na tope likiteleza, mama huipita kwa kupapasa, ndoo mkono mmoja, mkono mwingine ukutani. Nikataka kumwekea taa. Fundi umeme akaja, akalitazama lile tope, akatikisa kichwa. Waya wa pale unataka kufukiwa ndani ya bomba, unataka viungo visivyopenya maji, na hata hivyo iko siku jembe litaukata.

Mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja alikuwa amesimama karibu. Akauliza, "Mjomba, kwani lazima umeme ndio uende kule? Si tupeleke mwanga peke yake?"

Wanangu mnaosoma, lishikeni swali hilo, maana hadithi yote imo humo.

Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Ukimulika tochi kwenye kona ya nyumba, mwanga haukunji kona. Basi nilimwambia mpwa wangu alete chupa ya plastiki na msumari. Tulitoboa tundu moja karibu na kitako, tukajaza maji, tukazima taa ya jikoni, tukaweka tochi nyuma ya chupa ikielekea lile tundu. Maji yakaruka nje, yakapinda kuelekea chini kama upinde, na mwanga ukapinda nayo! Mpwa wangu alikinga kiganja mahali maji yalipoangukia, na doa jeupe likamcheza mkononi. Alicheka hadi bibi yake akaja kuona.

Si sisi wa kwanza kushangaa. Mwaka 1841, mjini Geneva, mwalimu aitwaye Daniel Colladon alitaka wasikilizaji wake waione vizuri michirizi ya maji. Akaingiza mwanga ndani ya mchirizi, nao ukaufuata hadi mwisho. Mwaka 1854 John Tyndall naye akaonyesha jambo hilo hilo London.

Kwa nini mwanga hautoroki? Kumbukeni mnavyotupa mawe bapa ziwani au baharini. Jiwe ukilitupa kwa kulielekeza chini linazama. Ukilitupa kwa kulilaza linagusa maji na kuruka, linagusa na kuruka. Mwanga ulio ndani ya maji hufanya hivyo hivyo unapofika kwenye mpaka wa maji na hewa. Ukiujia mpaka wima, unatoka. Ukiujia kwa kulala, yaani zaidi ya digrii 49 hivi kutoka kwenye wima, mlango umefungwa: wote unarudi ndani. Unagonga upande huu, unagonga ule, unasonga mbele.

Sasa badala ya maji, fikiria uzi wa plastiki angavu, mnene milimita 1, uliovikwa ngozi nyembamba ya plastiki ya aina nyingine ambamo mwanga hupita kwa kasi zaidi. Ngozi hiyo ndiyo mpaka. Ingiza mwanga ncha hii, utatokea ncha ile, hata uzi ukipita chini ya matope. Ndani ya uzi hamna umeme hata kidogo. Jembe likiukata, utapoteza nukta moja ya mwanga, hutapoteza mtu.

Nilipata roli la nyuzi hizo kwa mafundi wanaopamba dari za kumbi kwa vinyota. Msiende kuokota vipande vya mkongo wa mawasiliano vilivyobaki barabarani. Mkongo ni kioo, vipande vyake huingia ngozini na havionekani, na isitoshe njia ya mwanga katikati ya uzi wake, mwembamba kama unywele, haifiki hata sehemu moja ya mia ya milimita. Mwanga wa tochi hauingii mle.

Nyuzi zetu tulitaka zitokeze kwenye uso wa matofali ya ile njia. Kalibu ya matofali hayo tuliichonga kwa mbao: sentimita 20 kwa 10, kina 6, kama pevingi za barabarani. Chini yake tukatandika kipande cha boksi jeupe la povu, lile la kubebea samaki wa barafu. Mpwa wangu alitaka Kilimia, zile nyota zinazosongamana ambazo wakulima wetu walizitazama kujua majira. Akatoboa matundu saba kwa sindano ya gunia, nami nikachomeka nyuzi saba, kila moja ikipenya povu kidogo, mikia yake mirefu nikaifunga ndani ya mfuko wa plastiki isichafuke.

Saruji kopo moja, mchanga uliochekechwa makopo matatu, maji kidogo kidogo mpaka mchanganyiko ushikane bila kutiririka. Kokoto hatukutia, zinakwaruza nyuzi. Glavu tulivaa sote wawili, na hapa nasema kwa msisitizo: saruji mbichi huunguza ngozi polepole, unaweza usihisi lolote mpaka jioni. Tulimimina taratibu, tukashindilia kwa kijiti kati ya uzi na uzi, tukagongagonga kalibu ili mapovu ya hewa yatoke. Mikia ikabaki imesimama juu, upande ambao baadaye ungekuwa tumbo la tofali.

Kesho yake tukafungua kalibu. Tofali la kilo mbili na nusu hivi, la kijivu, baridi. Nikakata vincha vilivyochomoza kwa kisu kikali, nikaelekeza tochi kwenye mkia. Hakukuwaka kitu! Mpwa wangu alininyamazia. Nilipapasa uso wa tofali na kugundua utando wa saruji umezifunika ncha zote saba, kama macho yaliyofumbwa. Tukachukua msasa wenye chembe kubwa, kisha laini, kisha laini zaidi, pamoja na maji, tukasugua kwa zamu. Nyota ya kwanza ikafumbuka. Sijui kama nimewahi kufurahia kitu kidogo kiasi kile.

Zilipofumbuka zote, yeye akainamisha kichwa. "Mjomba, Kilimia imegeuka." Kweli. Alikuwa ametoboa povu akilitazama kutoka ndani ya kalibu, na sisi sasa tunalitazama tofali kutoka nje, kwa hiyo kushoto kumekuwa kulia. Herufi R ingesomeka kinyume. Matofali matano yaliyofuata aliyachora kinyume kwenye povu ili yatoke sawa. Lile la kwanza hakukubali litupwe.

Tuliyafunika kwa gunia bichi na kuyamwagia maji siku saba. Watu hudhani zege hukauka. Hapana: saruji huungana na maji na kuwa jiwe, na ikinyimwa maji mapema inabaki dhaifu. Nguvu yake hupimwa siku ya 28, nasi tulisubiri mpaka siku hiyo kabla ya kuyakanyaga.

Kisha tukachimba mfereji mwembamba chini ya njia, tukalaza bomba, mikia yote 42 ikaelekea barazani bila kukunjwa kwa ghafla, maana uzi ukikunjwa sana mwanga humwagika kwenye kona. Hukohuko barazani, pakavu, ndani ya kopo la rangi, inakaa tochi moja ya LED ikitazama fungu lile la ncha. Ukiweka karatasi ya pipi nyekundu mbele yake, Kilimia zote sita zinakuwa nyekundu.

Tofali la mwisho liko mita 8 kutoka kwenye kopo, na mwanga wake umepungua kama theluthi moja. Uzi wa plastiki hupoteza nusu ya mwanga kwa kila mita 15 hivi. Mkongo wa kioo ulio baharini hupoteza nusu kwa kila kilomita 15! Mwaka 1966 Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alieleza kuwa kinachomeza mwanga zaidi ni uchafu ulio ndani ya kioo, kwa hiyo kioo kikisafishwa vya kutosha kitabeba mwanga mbali. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Julai ya mwaka huohuo mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi, umetua Dar es Salaam na Mombasa.

Taa zetu haziangazi ua. Zinaonyesha tu mguu ukanyage wapi, na mama hakuomba zaidi ya hapo. Mvua ya kwanza ilipopiga, dimbwi likafunika tofali la tatu, na nyota zikawaka chini ya maji.

Siku moja, saa nane mchana, mpwa wangu alifunua lile kopo abadilishe betri. Akaniita kwa sauti ya kunong'ona, kana kwamba kuna ndege ambaye yeye hakutaka kumtimua. Tochi ilikuwa imezimwa, lakini ncha zote 42 zilikuwa zinameremeta. Jua lilikuwa linaingia kwenye matofali na kurudi kwa njia ileile hadi kwetu. Kisha ncha saba zikazimika, zikawaka, saba nyingine zikazimika, zikawaka. Tuliinua vichwa kutazama njia. Kuku wa mama alikuwa anatembea polepole kuelekea kwenye tangi.