Viza ya Fundi, Mkononi mwa Mwajiri

Kila Machi kampuni za Marekani huandikisha majina ya wataalamu wa kigeni zinaowataka, kisha serikali huchezesha bahati nasibu. Nafasi ni 65,000 kwa mwaka, na nyingine 20,000 kwa waliosoma shahada za uzamili na uzamivu huko huko. Hiyo ndiyo H-1B, viza iliyozaliwa na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1990, na ndiyo mlango mkubwa wa wahandisi wa programu kutoka nje. Wengi wao ni Wahindi.

Kila uchumi unapoyumba, ugomvi ni ule ule. Mfanyakazi wa Marekani analalamika kwamba wageni wanashusha mishahara. Kampuni zinajibu kwamba mafundi hawatoshi. Wote wanabishana juu ya mgeni. Mimi naona tatizo liko kwenye karatasi zenyewe: anayeomba viza ni mwajiri, si mtaalamu.

Akiachishwa kazi, mtaalamu ana siku 60 tu za kumpata mwajiri mwingine wa kumwombea, au kubadili hadhi yake, la sivyo aondoke. Mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023, Meta ilipotangaza kupunguza watu 11,000 na Google 12,000, wako wazazi waliohesabu siku hizo huku watoto wao wako shuleni. Kuhama kazi kwa hiari kunaruhusiwa, ila mwajiri mpya lazima awasilishe ombi lake, na makaratasi ya ukaazi wa kudumu mara nyingi huanza upya. Kwa Mhindi ni kazi nzito zaidi. Sheria haitaki nchi moja ichukue zaidi ya asilimia 7 ya vibali vya ukaazi kwa mwaka, hivyo foleni yao ni ya miongo. Mtu wa namna hiyo ataombaje nyongeza ya mshahara?

Na hapo ndipo Mmarekani anapoumia pia. Sheria ina madaraja manne ya mshahara kwa wenye viza hii, na mawili ya chini yako chini ya mshahara wa kati wa kazi husika katika eneo hilo. Mwaka 2015 ilifichuka kwamba Disney, huko Orlando, iliwaondoa wafanyakazi wa kompyuta wapatao 250, na baadhi yao walitakiwa kwanza kuwafundisha kazi wageni waliokuja kushika nafasi zao. Uchungu wao naujua kuwa ni wa haki. Lakini mgeni mwenye uhuru wa kuondoka asingekubali ujira wa chini, na kampuni isingepata faida ya kumwita.

Septemba 2025 Rais Trump aliweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje ya nchi. Kumleta mgeni kumekuwa ghali. Uhuru wake haukuongezeka hata chembe.

Vijana wetu waliosomea uhandisi huko huruhusiwa kufanya kazi miezi 12 baada ya kuhitimu, na 24 ya nyongeza, kisha bahati nasibu inawangoja. Foleni ya ukaazi huhesabiwa kwa nchi ya kuzaliwa, na ya Mkenya au Mtanzania ni fupi mno kuliko ya Mhindi. Kwa hiyo miaka mingi anayoipoteza hutokana na mwajiri kuchelewa kuanza ombi lake la ukaazi wa kudumu. Kabla ya kusaini mkataba, aulize ombi hilo litawasilishwa lini, na apewe jibu kwa maandishi.