Embulbul Mpaka Magadi: Jua la Kule Chini Si la Kucheza Nalo

Wasee wa Embulbul wamezoea baridi. Asubuhi ni jaketi na marvin, upepo wa Ngong unapiga mpaka unauskia kwa mifupa. Ndo maana mbogi ikipanga form ya Olorgesailie ama Magadi wikendi, unapata wamebeba spika kubwa na kila mtu kachupa ka maji ka nusu lita.

Hebu piga hesabu. Embulbul iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Ziwa Magadi liko kama mita 600. Kila ukishuka mita 1,000, joto linapanda kama digrii 6. Ukishapita Kiserian na Kona Baridi (hilo jina limedanganya wengi), barabara inateremka tu, miti inapungua, na ukifika ziwani ile magadi nyeupe inakurudishia jua kwa uso. Mchana ni 35 kuendelea.

Mwili wako uko 37. Hewa ikikaribia hapo, mbinu imebaki moja: jasho. Na kwa hewa kavu jasho linakauka kabla ulione, so unadhani uko sawa na kumbe unaisha maji. Usingoje kiu. Beba kama lita 3 kila mtu, kunywa kidogo kidogo. Maji peke yake siku nzima pia inamaliza chumvi mwilini, so weka njugu za chumvi ama ORS ya chemist, ni ya bei ndogo. Pombe ngojeni mrudi mtaa.

Wachungaji wa huko wanajua rada. Wanatoka na ng'ombe mapema, saa sita unawapata chini ya mti. Nyinyi pia, anzeni saa kumi na mbili asubuhi, na kutoka saa tano mpaka saa tisa mkae kivulini.

Sasa skiza hapa vizuri. Msee akianza kuumwa na kichwa, kutaka kutapika ama misuli kukaza, simamisheni safari, apumzike kivulini na anywe maji. Lakini akianza kuongea vitu hazishikani na kuyumba kama amelewa, watu hucheka na kutoa simu warekodi. Hapo ndo anaweza kufa. Joto limeingia kwa ubongo. Mtoe kwa jua, mpunguzeni nguo, mwagieni maji mwili mzima, pepeteni na chochote mko nacho. Akiwa amezima, usimmiminie maji mdomoni, yatamsonga. Mmoja apige 1199, hiyo ni ya Red Cross, huku wengine wakiendelea kummwagia maji.

Na kama mnapanda tu Ngong Hills, msijiskie wajanja. Kule juu upepo unaficha joto lakini miale ya jua ni kali kuliko chini, hata kukiwa na mawingu. Ngozi nyeusi pia huungua. Kofia pana, mikono mirefu, na ukipata mafuta ya jua paka, shingo na masikio ikiwemo.