Eddie Robinson: Kocha aliyewafungulia weusi milango ya futiboli Marekani

JINA la Eddie Robinson huenda likawa geni kwa mashabiki wa kabumbu. Lakini katika futiboli ya Kimarekani, ambapo mpira hubebwa na kurushwa kwa mikono, ni makocha wachache walioacha alama kama yake.

Robinson, mwana wa mkulima maskini wa Louisiana, aliajiriwa 1941 akiwa na umri wa miaka 22 kufunza timu ya Grambling, chuo kidogo cha weusi katika jimbo hilo. Alipostaafu 1997, alikuwa ameshinda mechi 408.

Hata hivyo, ushindi si urithi wake mkuu.

Alipoanza kazi, ubaguzi wa rangi uliwazuia vijana weusi kusomea vyuo vikuu vya wazungu katika majimbo ya kusini. Nayo ligi ya kulipwa, NFL, haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja kuanzia 1934 hadi 1945.

Mnamo 1949, mwanafunzi wake Paul Younger alijiunga na Los Angeles Rams, akawa wa kwanza kutoka chuo cha weusi kucheza katika NFL. Wengine zaidi ya 200 walimfuata katika ligi za kulipwa.

Kulisalia kizingiti kimoja. Weusi walidharauliwa kuwa hawana akili ya kucheza kama kwotabaki, anayepanga na kuongoza mashambulizi. Robinson alimwandaa James Harris, aliyepewa jukumu hilo na Buffalo Bills mwanzoni mwa msimu wa 1969.

Januari 1988, Doug Williams, pia wa Grambling, aliiongoza Washington kuilaza Denver Broncos 42-10 katika fainali ya Super Bowl. Alikuwa kwotabaki mweusi wa kwanza kutwaa taji hilo.

Robinson hakuthamini uwanja pekee. Alizoea kupita mabwenini alfajiri akipiga kengele, ili wachezaji wasikose masomo.

Ajabu ni kwamba milango ilipofunguka, Grambling iliumia. Vyuo vikubwa vilianza kuwanyakua vijana weusi wenye vipaji, na katika misimu mitatu ya mwisho ya Robinson, timu yake ilishindwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda.

Nafasi yake ilitwaliwa na Williams, mwanafunzi akarithi kiti cha mwalimu. Robinson alifariki Aprili 2007 akiwa na umri wa miaka 88.