Faili moja lazima kompyuta milioni 8.5, laporomosha hisa

HISA za kampuni ya CrowdStrike ya Austin, Texas, ziliporomoka kwa asilimia 11 katika soko la Nasdaq siku ya Ijumaa, Julai 19, 2024, baada ya faili moja dogo kutoka kampuni hiyo kuzifanya kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani zikatae kuwaka.

Faili hilo lilianza kusambazwa saa 1 na dakika 9 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Kampuni ililiondoa saa 2 na dakika 27, yaani dakika 78 baadaye. Microsoft ilikadiria kuwa kompyuta zilizoathirika hazikufika hata asilimia 1 ya zote zinazotumia Windows. Lakini zilikuwa kompyuta za mashirika ya ndege, mabenki na hospitali.

CrowdStrike huuza kinga dhidi ya wavamizi wa kompyuta. Kinga hiyo, iitwayo Falcon, hutegemea draiva, yaani programu inayokaa ndani kabisa ya Windows na kupakiwa mapema kompyuta inapowaka. Draiva za jinsi hiyo hufungwa pia pamoja na programu nyingi za uhandisi, ili zitambue kifaa cha leseni au mashine ya kupimia, na mafundi wanaijua tabia yake. Programu ya kawaida ikikosea hujifunga yenyewe. Draiva ikikosea huanguka na mfumo mzima.

Kosa lenyewe, kwa mujibu wa ripoti ya uchunguzi iliyotolewa na kampuni hiyo Agosti 2024, lilikuwa la hesabu ya mtoto wa shule. Faili jipya lilihitaji vipengele 21 vya taarifa, wakati programu ilikuwa ikitoa 20 tu. Ilipokwenda kutafuta cha 21, ikasoma sehemu ya kumbukumbu isiyoihusu, na Windows ikasimama na kuonyesha skrini ya buluu. Kompyuta ikiwashwa upya, draiva inapakiwa tena, inasoma faili lile lile, inaanguka tena.

Hapo ndipo gharama ilipoanzia. Kompyuta isiyomaliza kuwaka haipokei marekebisho kwa njia ya mtandao, hivyo ilibidi fundi aifuate moja moja. Kazi yenyewe ilikuwa kuiwasha ikiwa na programu chache tu za lazima, kuingia katika folda ya draiva za CrowdStrike, kufuta faili ambalo jina lake lilianza na C-00000291, kisha kuiwasha upya. Hiyo ni kazi ya dakika chache kwa mwenye ufunguo. Penye kinga ya BitLocker, fundi aliombwa kwanza namba ya tarakimu 48, na asiyekuwa nayo alikwama mlangoni. Microsoft iliwashauri baadhi ya wateja wake wajaribu kuzima na kuwasha mara kwa mara, hata mara 15, ushauri ambao fundi wa mtaani angechekwa kwa kuutoa.

Kwa wenye hisa, pigo halikwisha siku moja. Alhamisi, Julai 18, hisa moja ilifunga siku kwa dola 343.05 za Marekani. Ijumaa ilifunga kwa 304.96, na Jumatatu iliyofuata kwa 263.91. Mwekezaji mdogo aliyekuwa na hisa 10 alipungukiwa dola 791.40 katika siku mbili za soko. Mapema Agosti bei ilikuwa chini ya dola 230. Hisa za mshindani wake, SentinelOne, zilipanda siku ile ile ya Ijumaa.

Aliyeuza kwa hofu mwezi Agosti, hata hivyo, aliuza vibaya. Wateja wengi hawakuhama, kwani kung'oa kinga hiyo katika maelfu ya kompyuta na kufunga nyingine ni kazi nzito. Kampuni ilipunguza makadirio yake ya mapato ya mwaka, ikawapa wateja nafuu za mikataba, na kufikia Februari 2025 bei ilikuwa imeipita ile ya kabla ya ajali.

Madai ya fidia ni hesabu nyingine. Shirika la ndege la Delta, lililofuta safari zipatazo 7,000 katika siku tano, lilisema limepoteza dola milioni 500 na likafungua kesi katika jimbo la Georgia Oktoba 2024. CrowdStrike ilijibu kuwa mkataba unaiwekea kikomo cha fidia, na kwamba Delta yenyewe ilichelewa kujiinua. Mei 2025 jaji aliruhusu sehemu kubwa ya madai hayo iendelee kusikilizwa. Kampuni ya uchambuzi ya Parametrix ilikadiria hasara ya makampuni 500 makubwa ya Marekani, ukiiondoa Microsoft, kuwa dola bilioni 5.4, na kwamba bima ingelipa kati ya asilimia 10 na 20 tu.