Miezi Miwili Juu ya Tabora: Istilahi za Bunilizi ya Kisayansi na za Akili ya Mashine

Dhana ya mashine yenye kufikiri ilikuwa zamani ni mali ya watunzi wa hadithi. Leo imeingia katika nyaraka za serikali, katika mitaala ya shule na katika taarifa za habari, na mfasiri hana budi kuipatia jina. Makala haya yanakusudia kueleza istilahi nne za uwanja huo, nazo ni bunilizi ya kisayansi, shabiki, roboti, na ile inayoitwa na baadhi ya watu akili bandia, na wengine akili mnemba, na wengine tena akili unde. Mfano wetu mkuu tutautoa Tabora, kwa kuwa mji huo umo katika fasihi ya aina hii tangu mwanzo wake, ingawa wakazi wake wachache wamepata kuambiwa hivyo.

1. Bunilizi ya kisayansi

Mnamo Novemba 1857 Waingereza Burton na Speke walifika Kazeh, kituo kikubwa cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, mahali ambapo leo ni Tabora. Burton alichapisha habari za safari hiyo mwaka 1860. Miaka mitatu baadaye, yaani 1863, Mfaransa Jules Verne, ambaye hakupata kukanyaga nchi hii, alizitumia habari za wasafiri kama hao kutungia riwaya ya watu watatu waliosafiri kwa puto kutoka Unguja kuvuka Afrika kwa majuma matano. Kitabu hicho ndicho cha kwanza katika mfululizo wake mashuhuri wa safari za ajabu.

Puto hilo linatua Kazeh, na soko lote linataharuki. Verne alikuwa amesoma kwamba Unyamwezi maana yake ni Nchi ya Mwezi. Kwa hiyo anawafanya waganga wa mji kutangaza kuwa mwezi wenyewe umeshuka kuwazuru watu wake, na wageni wale ni wana wa mwezi. Wageni wanapokewa kwa heshima kuu na kupelekwa katika tembe ya sultani mgonjwa. Jioni inapoingia, mwezi wa kweli unachomoza. Watu wanaona miezi miwili katika mbingu moja, wanatambua kuwa wamedanganywa, na wageni hawana budi kukimbilia puto lao.

Kisa hiki chatufaa kwanza kwa kupambanua dhana. Ngano zetu zina safari nyingi za angani, juu ya mgongo wa jini au ndani ya ungo wa mchawi, na msikilizaji hadai kuelezwa chombo kinapaaje. Verne anaeleza kwamba puto lina gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo ikipashwa moto hutanuka na kulipandisha, ikipoa hulishusha. Chombo cha namna hiyo hakikuwapo, lakini sababu zake zimetolewa katika elimu ya wakati ule. Basi bunilizi ya kisayansi ni masimulizi ya jambo lisilokuwapo ambalo mtunzi analijengea hoja kutokana na elimu inayojulikana, au anayodhani itapatikana.

Kwa kipimo hicho, Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, ingawa nchi yake i angani na wajumbe wake wanakwenda hata mbinguni, si bunilizi ya kisayansi. Mwandishi hajishughulishi na namna nchi hiyo inavyoelea, kwani shabaha yake ni sheria na haki, na jina lake sahihi ni riwaya ya istiara. Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, inakaribia zaidi, maana humo aliyehukumiwa kifo huingizwa chomboni na kufikishwa katika nchi yenye utaratibu mpya wa maisha. Hata hivyo jamii ndiyo inayochunguzwa humo kuliko mitambo. Filamu ya Pumzi ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, inayosimulia watu wanaoishi ndani ya jengo baada ya vita vya maji, imo katika fani hii bila shaka.

Wapo wanaopendelea kusema "riwaya za kisayansi". Istilahi hiyo ni fupi, lakini ina kasoro mbili. Inaacha nje hadithi fupi, tamthilia na filamu, tena inaweza kudhaniwa kuwa ni riwaya iliyoandikwa kwa njia ya kisayansi. "Hadithi za kubuni za kisayansi" inaeleweka vema darasani, na mwalimu aweza kuitumia bila hofu. Katika maandishi ya kitaaluma "bunilizi" yatosha, kwa kuwa imekwisha zoeleka miongoni mwa wahakiki.

2. Shabiki

Fani hii ina wasomaji na watazamaji wa namna ya pekee. Hukutana, huandikiana, hutoa majarida yao wenyewe, na mara nyingine huamua mambo. Mchezo wa televisheni wa Marekani uitwao Star Trek, ulioanza mwaka 1966, una afisa mwanamke Mwafrika aitwaye Uhura, jina lililotokana na neno letu "uhuru". Yaani neno lililopigiwa kelele za furaha Tanganyika mwaka 1961 lilikuwa limekwisha pewa kazi katika karne zijazo kabla miaka mitano haijapita sana. Barua za wapenzi wa mchezo huo zilisaidia kuuokoa usifutwe mwaka 1968, na mwaka 1976 barua nyingine zilifanya chombo cha majaribio cha Marekani cha kurukia anga kipewe jina la merikebu ya mchezo huo, Enterprise.

Watu hao tuwaiteje? "Mpenzi" ni neno pana mno, na "mfuasi" lina harufu ya dini na siasa. "Shabiki", ambalo kila mtu analijua kutoka uwanja wa mpira, linabeba mapenzi pamoja na vitendo. Basi shabiki wa bunilizi, na hali yake ni ushabiki. Hapana haja ya kutunga neno jingine.

3. Roboti

Neno hili lilitoka katika tamthilia ya Karel Čapek iliyochapishwa mwaka 1920 katika lugha ya Kicheki. Ndugu yake Josef ndiye aliyelipendekeza, kutokana na robota, yaani kazi ya shuruti aliyotozwa mkulima na mwenye ardhi. Ndani ya tamthilia hiyo roboti ni watumishi waliotengenezwa kiwandani, na mwishowe wanaasi.

Mfasiri wa Tabora atakayetafuta neno la asili atakumbuka kwamba njia ya misafara ilikuwa na majina kamili ya kazi. Mpagazi alibeba mzigo kwa ujira waliopatana, na mtumwa alibeba kwa sababu hakuwa na hiari. Kwa maana yake ya kwanza, roboti ingekuwa upande wa mtumwa. Lakini roboti ya leo inayounganisha magari kiwandani haina utashi wa kunyang'anywa, na kuipa jina la binadamu aliyeonewa ni kumpunguzia heshima binadamu huyo. Hapa neno la mkopo lafaa kuliko la asili. Tuandike roboti, wingi wake roboti.

4. Akili ipi?

Istilahi ya Kiingereza ilitungwa mwaka 1955 na John McCarthy na wenzake walipokuwa wakiandaa mkutano wa Dartmouth, Marekani, uliofanyika mwaka 1956. Kivumishi walichokitumia kina maana mbili, kilichotengenezwa kwa ufundi na kisicho cha kweli. Hapo ndipo mgogoro wetu ulipoanzia.

"Bandia" nayo ina pande mbili. Meno bandia hutafuna kweli, na mguu bandia hutembea, lakini noti bandia humfunga mtu jela. Mkulima akiandikiwa kwamba ombi lake la mkopo limepimwa kwa akili bandia, ana haki ya kuuliza kama amepimwa au amelaghaiwa. "Mnemba" halina utata huo, na hilo ni jema katika istilahi. Lakini si neno la mazungumzo ya watu wengi wa bara, na wapo wanaolijua tu kuwa ni jina la kisiwa kidogo kilicho kaskazini mashariki ya Unguja. "Unde" limetokana na kitenzi kuunda, kitenzi cha mafundi wa majahazi, kwa kanuni ile ile iliyotupa kiumbe kutokana na umba, na mteule kutokana na teua. Msikilizaji wa mara ya kwanza aweza kulikisia. Ikumbukwe pia kwamba "tarakilishi", neno la kompyuta linalotumika zaidi Kenya, limeungwa kwa tarakimu na akilisha. Kuipa mashine akili si jambo jipya katika Kiswahili.

Sasa turudi Kazeh. Katika kisa cha Verne watu walikabiliwa na chombo wasichokijua, na makosa mawili yaliwezekana, kukiabudu au kukikataa kwa kuwa ni hila. Walianza na la kwanza wakaishia la pili. Verne alikusudia tuwacheke. Lakini tukisoma kwa uangalifu, ni wao waliotumia akili. Walikuwa na dai, wakapata ushahidi wa macho, wakalitupa dai. Kitu walichokosa ni jina la kuwaambia kuwa chombo kile kimeundwa na mtu, naye mtu huyo aweza kuulizwa.

Huo ndio uzito wa uchaguzi wetu. Katika zahanati au ofisi ya kata, iwe Cheyo au pengineko, mwananchi atakayeletewa jawabu la mashine asielekezwe kuliabudu wala kulidharau. Kwa maoni ya mwandishi, "akili unde" ndiyo inayombainishia kwamba yuko aliyeunda, na kwa hiyo yuko wa kujibu. Maadamu istilahi zote tatu zinaendelea kutumika, yampasa mfasiri ateue moja katika waraka mmoja, azitaje zile nyingine mara moja tu pale mwanzo, na asizichanganye tena. Mwalimu naye awape wanafunzi zote tatu pamoja na sababu za kila moja, kwa kuwa mwanafunzi aliyeelewa sababu ataweza kulipima hata neno litakalozuka kesho.